Mpunga ulibaki kijani lakini masuke matupu: je, "homoni" ya dukani ingenisaidia?

Jaruba_Butaleja aliandika:

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Niko Butaleja, mashariki mwa Uganda, upande wa chini wa mto Manafwa. Simo ndani ya skimu ya umwagiliaji ya Doho. Sisi ni wakulima tuliochimba mfereji wetu wenyewe, na jaruba langu liko mwisho kabisa. Maji yakinifikia yameshapita kwa kila mtu. Bondeni nalima mbegu ya mpunga iitwayo WITA 9. Juu kwenye mteremko, nyuma ya nyumba, nina kipande cha NERICA 4, mpunga wa nchi kavu, kisichojua maji mengine zaidi ya mvua.

Msimu uliopita mvua ilikatika mwezi wa tano, na WITA ilikuwa na mimba, yaani suke bado limo ndani ya shina. Mfereji ukakauka, udongo ukapasuka hadi kidole kinaingia. Ikifika saa tano asubuhi majani yote yamejikunja, jioni yanafunguka tena. Ile NERICA ya juu, ambayo nilishaikatia tamaa, ilianza kujikunja siku nyingi baadaye, na hata hivyo kidogo tu. Kabla majani hayajakauka mvua ikarudi. WITA ikawa kijani, nzuri kabisa, majirani wakapita wakinipongeza. Siku ya kupura ndipo nikaona: mapepe. Gunia limejaa kwa macho, ukiliinua ni jepesi. NERICA, pamoja na udogo wa kipande chenyewe, ilitoa punje zilizojaa.

Nikaenda duka moja la pembejeo mjini. Muuzaji akanionyesha chupa ya shilingi 25,000, akasema ni "homoni ya kuzuia ukame", napulizia majani na mpunga unavumilia kiu. Akaongeza kwamba anayo pia mbegu "yenye jeni ya ukame", bei juu zaidi. Sikununua. Nilirudi nyumbani nikiwaza: mmea hauna damu, homoni inapitia wapi? Na kama majani yalipona, kwa nini punje hazikujaa? Mwenye kujua anisaidie kabla msimu wa mwezi wa nane haujaanza, maana ndipo nitakapoamua pesa iende wapi.

Boda_na_Jembe aliandika:

Kaka, nunua. Mimi nilipulizia chupa ya namna hiyo mwaka jana, mpunga ulirefuka ukapita wa jirani kwa kiganja kizima. Kilichoniharibia ni upepo tu, ulilala wote wiki mbili kabla ya kuvuna. Lakini dawa ilifanya kazi, nimeona kwa macho.

Haboba_Bombo aliandika:

Waaleikum salaam, mwanangu wa Butaleja. Mimi ni mstaafu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kupaka jani la mpunga rangi ya kucha isiyo na rangi, kuibandua ikikauka, na kuhesabu kwa hadubini alama za vile vitundu vidogo vinavyoitwa stomata. Vijana wa ofisini walicheka kwamba bajeti ya serikali inanunua vipodozi. Sasa nalima mpunga wa nchi kavu hapa Bombo, na wajukuu wananikataza kuinama. Nitaandika kirefu, uniwie radhi.

Chupa iweke kando kwanza, nitaifikia. Tuanze na hayo majani yako ya saa tano.

Homoni mmea unazo, na damu hauhitaji. Ni kemikali za kiasi kidogo sana zinazotengenezwa na seli za kawaida. Nyingine zinasafiri kwenye mirija ileile inayopandisha maji na kushusha sukari, nyingine zinapita seli hadi seli. Inayoshughulika zaidi na kiu inaitwa asidi absisiki. Sisi tuliita ABA tu, na humu nitaiita hivyo. Mpunga unaitengeneza kutokana na karotenoidi, jamii ya rangi zinazofanya karoti iwe vile ilivyo. Kuna kimeng'enya kinachokata karotenoidi ili kazi hiyo ianze, na mojawapo ya jeni zinazobeba maelekezo ya kukitengeneza inaitwa OsNCED3. Udongo ukianza kukauka jeni hiyo inaamka, kimeng'enya kinaongezeka, ABA inapanda. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba mizizi ndiyo hupeleka ABA juu. Siku hizi inajulikana kwamba majani yenyewe hutengeneza sehemu kubwa.

ABA inakwenda kwenye stomata. Kila kitundu kina seli mbili zinazokilinda, zikijaa maji kinafunguka, zikinywea kinajifunga. Kwa miaka mingi tuliona ABA ikifunga vitundu bila kujua inashika nini ndani ya seli. Mwaka 2009 vipokezi vyake vikatambuliwa, na makundi mawili ya watafiti yakavitangaza kwa wakati mmoja. Mambo yanakwenda hivi: siku za maji ya kutosha kuna kimeng'enya kinachomnyamazisha mwenzake. ABA ikikaa kwenye kipokezi, yule mnyamazishaji anazuiwa, mwenzake anakuwa huru, anafungua njia za kutoa kloridi nje ya seli, na potasiamu inafuata. Chumvi zikitoka maji yanazifuata, seli zinanywea, kitundu kinafungwa. Ni jambo la dakika, si la siku.

Tatizo ni kwamba kitundu hichohicho ndicho kinachoingiza kaboni dioksidi ya kutengenezea sukari. Mwenye duka akifunga mlango kwa sababu ya vumbi, wateja nao wanabaki nje. Kwa hiyo mpunga wenye kiu uko katika mashauriano ya kila saa: nipoteze maji nipate chakula, au nibane maji nilale njaa? Mbegu mbalimbali zinaamua tofauti. Kuna zinazobana mapema, hazifi lakini hazikui, na kuna zinazoendelea kula mpaka siku zinazoanguka ghafla. Ukiuliza ipi bora, nitakuuliza kwanza ukame wako unakaa muda gani.

Kule kujikunja ni jambo jingine, ingawa linakwenda pamoja. Upande wa juu wa jani la mpunga kuna safu za seli kubwa zenye ukuta mwembamba. Zikipoteza maji zinasinyaa, jani linajiviringa kwa ndani, eneo la kupigwa na jua linapungua. Jioni hewa ikipoa, mizizi inafidia kilichopotea, seli zinajaa, jani linafunguka. Jani linalofunguka jioni halijashindwa. Lile ambalo alfajiri bado limejikunja, hilo ndilo la kutisha, kwa sababu lina maana kwamba hata usiku mizizi haikupata kitu. Ukitaka kipimo cha bure cha mkulima, amka kabla jua halijatoka ukaangalie.

Sasa kwa nini NERICA ya mteremkoni ilichelewa kujikunja, wakati iko juu na maji yako chini? Watu wengi husema "ni ngumu", basi wamemaliza. Mimi naangalia mizizi. Mpunga wa bondeni umezoea kuishi juujuu, maji yapo, kwa nini uchimbe? Mizizi yake inatambaa karibu na uso wa udongo. Mpunga wa nchi kavu kwa kawaida hushusha mizizi, na iliyo minene zaidi. Hapa kuna jeni moja iliyosomwa vizuri sana, inaitwa DRO1. Wajapani waliipata katika mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino uitwao Kinandang Patong, na wakaitangaza 2013. Wakaihamishia kwenye IR64, mpunga wa mabondeni unaolimwa sana Asia, wenye mizizi ya juujuu. Jeni hiyo haiongezi mizizi. Inachogusa ni pembe: mizizi inashuka badala ya kutanda. Inafanya hivyo ikiongozwa na homoni nyingine, oksini, ambayo ndiyo huuambia mzizi chini ni wapi. Oksini ikijikusanya upande wa chini wa ncha ya mzizi, seli za upande huo hurefuka polepole kuliko za juu, mzizi unapinda kushuka. Kwenye ukame mkali IR64 ya kawaida ilikosa mavuno karibu yote, ile yenye DRO1 ikapata kitu.

Lakini nakuomba usikimbilie kuitafuta DRO1 dukani. Hapo Butaleja mnalima kwa ng'ombe na kuvuruga tope mwaka baada ya mwaka. Chini ya tope hilo kuna tabaka gumu, ndilo linalozuia maji yasipotee, na ndilo linalozuia mizizi pia. Mzizi wenye jeni ya kushuka ukifika pale unageuka kando kama yoyote. Mteremkoni hakuna aliyevuruga tope, NERICA yako ikapata njia. Kwa hiyo tofauti uliyoiona si ya mbegu peke yake.

Na kuna akwaporini, ambazo mimi nazipenda kuliko zote. Ni protini zilizokaa kwenye utando wa seli, zenye njia nyembamba katikati ambamo maji yanapita molekuli moja nyuma ya nyingine. Peter Agre alipata Nobeli ya kemia ya 2003 kwa kuzigundua, na alizipata kwenye chembe nyekundu za damu ya binadamu, si kwenye mimea. Mpunga una jeni 33 za jamii hiyo. Nyingine zinafanya kazi mzizini, nyingine majani, nyingine kwenye vifuko vya ndani ya seli. Za mzizini huongezeka asubuhi jua likishatoka, kwa sababu majani yameanza kudai maji, kisha hupungua usiku. Yaani hata kasi ya mzizi kunyonya si ya kudumu, mmea unaibadilisha mchana huohuo. Ndiyo maana nacheka nikisikia "jeni ya ukame", kwa umoja. Hapo tayari nimekutajia nyingi na sijafika kwenye suke.

Suke sasa, maana ndilo lililokuliza.

Umesema WITA ilikuwa na mimba. Siku 10 hadi 14 kabla ya suke kutoka ndipo chavua inapoundwa ndani ya vifuko vyake, na hakuna wakati mpunga unachukia kiu kuliko huo, isipokuwa wakati wenyewe wa kuchanua. Chavua changa inalishwa sukari, ambayo baadaye inageuzwa wanga ili iwe na nguvu ya kuota. Stomata zikifungwa sukari inapungua. ABA nayo ikipanda ndani ya suke lenyewe, vimeng'enya vinavyoipokea sukari pale vinashuka. Chavua inabaki tupu. Mvua ikija wiki inayofuata, jani linaweza kunywa likarudi, lakini chavua iliyokufa hairudi, na punje ambayo haikuchavushwa haina cha kujaza. Vilevile shingo ya suke inarefushwa na homoni iitwayo jiberelini. Kukiwa na kiu kali haisogei vya kutosha, na sehemu ya chini ya suke inabaki imefunikwa na jani. Kama uliona masuke hayakutoka yote, ndiyo hayo.

Kwa hiyo majirani waliokupongeza walikuwa wanapongeza majani.

Swali langu kwako: NERICA uliipanda lini? Kama ilikuwa nyuma ya WITA, basi ukame uliikuta bado inatoa machipukizi, hatua ambayo kiu inapunguza ukubwa lakini haiui chavua. Hapo tena sifa si ya mbegu peke yake.

Tuje kwenye "mbegu yenye jeni ya ukame". Watafiti wa mpunga wanafanya kazi na maeneo ya kromosomu yanayosaidia mavuno wakati wa kiu. Moja maarufu liko kwenye kromosomu ya 12, lilitangazwa 2007, kutokana na kuzalisha pamoja mpunga wa India uitwao Vandana, unaovumilia, na wa Indonesia uitwao Way Rarem, usiovumilia. Cha kuchekesha ni kwamba kipande kilichosaidia kilitoka kwa yule asiyevumilia. Kwake hakikuwa na faida; kilipowekwa pamoja na jeni za Vandana kikaanza kufanya kazi. Mtu anayekuuzia jeni moja kwa chupa au kwa mfuko hajakutana na habari hiyo.

NERICA yenyewe si GMO, yaani mmea uliopandikizwa jeni maabara, nimechoka kulieleza hili hapa Bombo. Ni mtoto wa mpunga wa Asia na mpunga wa Afrika, waliozalishwa kwa kuchavusha na kuokoa kiinitete maabara, kazi iliyoongozwa na Monty Jones wa Sierra Leone, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Wazee mtakumbuka Profesa Bukenya alivyouhubiri mpunga wa nchi kavu alipokuwa Makamu wa Rais. Mpunga wa GMO ulijaribiwa kwenye kituo cha utafiti cha Namulonge, katika mashamba yaliyofungwa, mojawapo ukiwa na jeni inayoongeza saitokinini, homoni inayochelewesha jani kuzeeka wakati wa kiu. Dukani haupo. Bunge lilipitisha mswada wa mambo hayo 2017 na tena 2018, Rais akaurudisha. Anayekuambia anauza mpunga wa GMO Uganda, muulize ameutoa wapi.

Chupa. Soma lebo, tafuta jina la kiambato na kiasi chake. Nyingi za namna hiyo ni mbolea ya majani na maji ya magugu ya bahari, hazidhuru, hazileti mvua. Kama ndani kuna ABA kweli, basi fikiria itafanya nini: itafunga stomata. Inatumika kwenye zabibu kuzipa rangi, lakini kwenye jaruba mwanga wa jua unaiharibu, na mmea wenyewe unaivunja upesi. Na ukiipulizia mpunga wenye mimba umeongeza ile homoni ambayo suke tayari limeizidisha. Kwa shilingi 25,000!

Wewe Boda_na_Jembe, chupa yako nadhani ilikuwa jiberelini. Kurefuka kiganja kizima ndiyo kazi yake, wazalishaji wa mbegu chotara huitumia makusudi ili masuke yatoke vizuri. Lakini mpunga mfupi wa kisasa, kuanzia IR8 ya mwaka 1966, ni mfupi kwa sababu ya jeni iitwayo sd1 inayopunguza jiberelini shinani, ili usilale ukipewa mbolea. Wewe ulinunua mbegu fupi kwa pesa, kisha ukanunua dawa ya kuirefusha kwa pesa. Upepo usiusingizie.

Boda_na_Jembe aliandika:

Haboba, umenimaliza mbele za watu 😂 Lebo nimeitafuta, imeandikwa GA3. Ndiyo hiyo?

Haboba_Bombo aliandika:

Ndiyo hiyohiyo, GA3 ni jiberelini.

Namatala_Chini aliandika:

Jamani nyie mnalia kiu, sisi huku kwenye bonde la Namatala, chini ya Mbale, mvua za Elgon zikishuka jaruba linafunikwa hadi huoni ncha ya jani. Siku nne, tano, maji yakitoka mpunga umerefuka, umenyauka, unalala. Kwa nini unarefuka ndani ya maji wakati hauli? Je, hiyo nayo ni homoni?

Kabanyolo_Mwaka3 aliandika:

Hili tumelisoma muhula huu, Haboba anisahihishe nikipotoka.

Ni homoni, na inayoanzisha ni ethilini, ile gesi inayoivisha ndizi. Mmea unaitengeneza wakati wote, kwa kawaida inapotea hewani. Gesi hupita ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo mpunga ukifunikwa ethilini inanaswa ndani ya mwili wake. Hivyo ndivyo unavyojua umezama. Ethilini inashusha ABA na kuipa nafasi jiberelini, shina na majani vinarefuka kutafuta hewa juu. Nguvu zote za akiba zinaishia hapo. Kama maji ni ya siku chache na marefu, mpunga unakuwa umekula akiba yake bure, na yakitoka hauna nguvu ya kusimama.

Kuna mbegu ya zamani kutoka Odisha, India, inaitwa FR13A, yenyewe ikizama inatulia tu. Jeni yake, Sub1A, ilitambuliwa 2006. Ethilini ndiyo inayoiamsha, lakini ikishaamka inazuia jiberelini isifanye kazi, mmea unaacha kurefuka, unatunza sukari hadi maji yaondoke. Unaweza kuvumilia karibu wiki mbili. Waliiingiza kwenye Swarna, mpunga unaopendwa India, kwa kuzalisha kawaida na kuchagua miche kwa alama za DNA, na wakulima wakaanza kuupata rasmi mwaka 2009.

Halafu kuna mpunga wa maji marefu wa Asia ambao unafanya kinyume kabisa. Una jeni mbili zinazoitwa SNORKEL, zilizotangazwa 2009, nazo zinaamshwa na ethilini ileile, ila zinaamuru shina lirefuke, hadi sentimita 20 au 25 kwa siku. Huo ni wa mahali ambako maji yanapanda na kukaa miezi. Kwa mafuriko yenu ya siku tano ungekuwa mzigo.

Kilichonishangaza darasani ni kwamba jeni za Sub1 na SNORKEL ni za ukoo mmoja wa protini. Taarifa moja, "umezama", na maamuzi mawili yanayopingana.

Haboba_Bombo aliandika:

Hujapotoka popote. Ongeza tu kwamba Sub1A inasaidia pia baada ya maji kutoka. Jani lililozama siku kadhaa likikutana na jua ghafla linakauka hata kama mizizi iko kwenye tope, na mimea yenye jeni hiyo hurudi vizuri zaidi. Watu wanasahau kwamba mafuriko yanaishia kwenye kiu.

Mtu wa Namatala, maji yakipungua usiyakimbize yote siku moja. Acha kiasi kidogo jarubani, na usitupe urea mpaka uone jani jipya.

Jaruba_Butaleja aliandika:

Haboba, nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie. Kweli NERICA niliipanda nyuma, wiki kama tatu, kwa sababu ng'ombe walikuwa kwa jirani. Na masuke ya WITA mengi hayakutoka yote, shingo ilibaki ndani ya jani. Kumbe.

Sasa chupa sinunui. Lakini mfereji haubadiliki, mimi ni wa mwisho. Nikijua wiki mbili zile kabla ya suke ndizo hatari, nitafanya nini kama wa juu hawajaachia maji? Nasikia kuna habari ya bomba la kupima maji jarubani, limefika huku?

Haboba_Bombo aliandika:

Bomba ni zuri na ni rahisi. Chukua bomba la plastiki la inchi nne au sita, kata kipande cha sentimita 30, toboa matundu pande zote kwenye nusu yake ya chini. Zika hiyo nusu, sentimita 15, usitoboe lile tabaka gumu, kisha toa tope lote la ndani. Maji ndani ya bomba yatakuonyesha yalipo ardhini hata kama juu pamekauka. Miche ikishashika, wiki moja au mbili baada ya kupandikiza, unaacha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo unafungulia tena hadi sentimita tano juu. Mizizi bado inafika kwenye unyevu, mmea hauoni kiu ya kupandisha ABA hadi kuumia, na maji unayotumia yanapungua kwa hadi karibu theluthi moja bila mavuno kushuka. Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, usiache jaruba likauke hata kidogo. Wewe na balaa lako la msimu uliopita, anza mapema zaidi, mara tu uonapo shina limevimba.

Punje zikishaanza kujaa unaweza kulegeza tena. Hapo ukavu wa kiasi hauna ubaya, ABA ikipanda kidogo inasaidia mmea kuhamisha sukari ya shinani kwenda kwenye punje. Homoni ileile iliyoua chavua. Wakati tu umebadilika.

Lakini bomba la kwanza usiliweke kwako. Kwako maji hayafiki, utapima nini? Liweke kwa yule aliye mwanzo wa mfereji, ambaye jaruba lake halijawahi kukauka kwa sababu anaogopa kulifunga. Akiona ndani ya bomba kwamba maji yapo sentimita kumi chini na mpunga wake haujajikunja saa tano, atakubali kuachia. Nenda naye jarubani hiyo saa tano, mwende pia alfajiri. Kisha mpange tarehe za kupanda: wa mwisho wa mfereji apande kwanza au apande nyuma kabisa, ili mimba zote zisidai maji wiki moja. Hilo halihitaji duka, linahitaji kikao, na mwenyekiti wenu wa LC1, baraza la kijiji, akiwa na jaruba katikati ya mfereji muite awe shahidi.

Jaruba_Butaleja aliandika:

Aliye mwanzo wa mfereji ni shemeji yangu. Ana mabomba yaliyobaki kwenye choo alichojenga. Nampigia leo jioni.